Mlalamishi Kwenye Meza ya Maabara

Pale shuleni hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mbishi, na mwenyewe hakuona ubaya, kwa sababu jina hilo alilipata kwa haki. Mwambie maji yanachemka, atataka ayasikie yakichemka. Mwambie ukuta ni mweupe, atakuuliza weupe huo unamsaidia nani. Macho yake yalipofuka akiwa bado mtoto mdogo, baada ya homa kali, na tangu hapo hakukubali jambo kwa sababu tu mwenzake ameliona.

Ndiyo maana alipenda kemia. Masomo mengine unaambiwa, unaandika, unaamini, yamekwisha. Kwenye kemia unakiuliza kitu swali, nacho kinakujibu chenyewe, bila kukuonea huruma na bila kukupendelea. Mbishi aliipenda tabia hiyo. Watu wengi aliowajua hawakuwa nayo.

Sasa mwalimu wa kemia, ambaye wanafunzi walimpachika jina la Asidi kwa sababu ya ulimi wake, alitangaza jaribio la vitendo. Siku ya Ijumaa kila mwanafunzi angepewa sinia lenye vitu visivyotajwa majina, avipime, kisha avigawe kwenye mabakuli matatu: metali, zisizo metali, na kampaundi za ayoni, kama chumvi. Atakayefaulu anaendelea na sayansi. Atakayeshindwa anahamia sanaa, na hakuna cha kubembelezana.

Darasa lilipotoka, Asidi alimbakiza Mbishi.

"Akili unayo, sikatai," alisema. "Kwenye nadharia unawaburuza wenzako. Lakini jaribio hili sikuweki."

"Kwa nini, mwalimu?"

"Kipimo chenyewe ni balbu, binti, inayowaka kitu kikipitisha umeme. Balbu ikiwaka, utajuaje?"

"Nitatafuta njia."

"Haya, na tukifika kwenye asidi? Chupa ikipinduka? Nikamwambie nini baba yako?"

"Mwambie nilikuwa kazini."

Asidi alicheka kidogo, kicheko cha mtu asiyetaka kucheka. Kisha akasema amekwisha zungumza na mwalimu mkuu, kwamba Mbishi atahamia sanaa, tena ni kwa faida yake.

Kwa faida yako! Kama kuna maneno yaliyomchemsha damu Mbishi, ni hayo. Kwa faida yake alikatazwa kupanda ngazi, kwa faida yake alikatazwa kushika kisu, na kama angewasikiliza wote waliomtakia faida, mpaka leo angekuwa amekaa kwenye mkeka akilishwa kwa kijiko. Alishika fimbo yake akatoka, akaifuata korido kwa ukuta wa kushoto mpaka ofisi ya mkuu, huku Kasuku, jirani yake wa dawati, akimvuta mkono wa sweta.

"Mbishi, usiende na hasira! Ngoja kwanza upoe!"

"Nikipoa sitaenda."

Mwalimu mkuu alikuwa mama mtu mzima aliyependa mambo yaishe mapema. Alimsikiliza Mbishi mpaka mwisho, akamwita Asidi, akamsikiliza naye, kisha akashusha pumzi ndefu.

"Atafanya Ijumaa kama wengine," alisema. "Sinia lilelile, muda uleule, na hakuna wa kumsomea wala kumnong'oneza. Akishindwa, anahamia sanaa na sitaki kuusikia tena ubishi wake kwenye ofisi hii. Umekubali, binti?"

"Nimekubali," alisema Mbishi. Mdomo ulitangulia, kama kawaida yake. Akili ilimfikia akiwa tayari nje.

Baba yake alikuwa fundi redio. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, meza moja ndefu iliyojaa redio zilizofumuliwa matumbo, na harufu ya risasi ya kulehemu iliyoingia mpaka kwenye mapazia. Mbishi alikijua chumba kile kuliko alivyoyajua madaftari yake. Alikaa kwenye kiti chake cha siku zote akamweleza baba kila kitu, naye baba akaendelea kukwangua kitu mezani.

"Mwanangu," alisema mwishoni, "hata ukihamia sanaa, si mwisho wa dunia."

"Baba! Na wewe?"

"Nasema tu."

"Usiseme tu. Wote mnasema tu. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama naweza."

Baba aliacha kukwangua. Mbishi aliona amevuka mpaka, maana baba si mtu wa kupandishiwa sauti, na tayari alikuwa anatafuta maneno ya kuomba radhi.

"Haya," baba alisema. "Unaweza?"

Lilikuwa swali zuri. "Sijui," alisema. "Nataka kujua."

"Hilo nalielewa." Droo ilivutwa, vyuma vikagongana. "Hiyo balbu yao itakusaidia nini wewe? Ngoja tuipasue saa ya bibi yako. Imekufa siku nyingi, haitasikia uchungu."

Ilikuwa saa ya mezani yenye kengele ndogo ya umeme tumboni, ile inayopiga kelele ya kukutoa usingizini hata kama umelewa. Baba aliing'oa kengele, akaifunga kwenye betri, akatoa nyaya mbili ndefu zenye ncha wazi. Ncha zilipogusana, kengele ililia kwa sauti nyembamba ya kuudhi, kama mtu anayelalamikia bei ya kila kitu sokoni. Wakaiita Mlalamishi palepale.

"Shika kwenye plastiki," baba alionya. "Ncha iachie kazi yake."

Kuanzia siku hiyo, kila alasiri baada ya shule, hakuna kitu ndani ya nyumba kilichopona. Kijiko: Mlalamishi alilia kwa nguvu. Msumari, sufuria, bawaba ya mlango: alilia, alilia, alilia. Mshumaa: kimya. Sukari: kimya ikiwa kavu, kimya ikiwa kwenye maji. Chumvi ya mawe ndiyo iliyompendeza Mbishi kuliko vyote. Donge kavu lilikuwa kimya kabisa, ungedhani ni jamaa wa mshumaa. Lakini ukiliyeyusha kwenye kikombe cha maji na kutumbukiza ncha mbili, Mlalamishi alipiga yowe.

"Mbona inageukageuka hivyo?" baba aliuliza.

"Haigeuki. Ndani yake kuna ayoni, baba, chembe zenye chaji. Kwenye donge kavu zimebanana kama watu kwenye foleni mbaya, hakuna anayesogea, kwa hiyo umeme haupiti. Ukitia maji zinaachana, kila moja inatembea, na umeme unapita nazo. Sukari haina chembe zenye chaji, ndiyo maana hata ikiyeyuka haina habari."

"Na metali?"

"Metali haihitaji maji. Umeme unapita humohumo, ikiwa kavu."

Baba alifurahi, Mbishi aliisikia furaha hiyo kwenye pumzi zake, na ndipo baba akapasua betri mbovu, akachomoa kijiti cha katikati, akakifuta na kumpa. Mbishi alikigusa kwa nyaya. Mlalamishi alilia bila wasiwasi.

"Metali," alisema Mbishi.

"Mimi mambo ya metali siyajui, ila hicho nakivunja kwa vidole."

"Metali haivunjiki kwa vidole, baba."

"Basi lete ubishi wako hapa." Ko! Kijiti kilikatika. Baba akamwekea vipande kiganjani, na unga wake ulikuwa unateleza kwenye ngozi kama poda. Mbishi alijipiga paji la uso. Kaboni! Walikuwa wamefundishwa: si metali, lakini inapitisha umeme kama metali. Sauti pekee haitoshi. Kila kitu lazima kipigwe nyundo pia, maana metali itapondeka na kutandaa, na vitu vingine vyote vitavunjika.

Hapo alijiwekea utaratibu wake. Kwanza mkono: atakishika kitu, akizungushe vidoleni mpaka akijue uzito wake, ubaridi wake, kingo zake. Halafu Mlalamishi. Halafu nyundo. Halafu maji. Alirudia mpaka baba alipomwomba awaache wapumzike kidogo, yeye na kengele.

Ijumaa ilifika. Maabara ilinuka gesi na sabuni, na madirisha yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya vumbi la barabarani, hivyo joto lilikuwa la kuoka mkate. Mbishi aliwekewa sinia mwisho wa meza ya mbele. Alilipapasa: betri na balbu ambazo alizisukuma kando, bika ya kioo yenye maji na kijiti cha kukorogea, nyundo, kigae cha kupondea, kitambaa, mabakuli matatu, na vitu vinne vya kupima. Mlalamishi, ambaye mkuu alikuwa amemruhusu, alimweka mahali pa balbu. Kanuni ilisomwa kwa sauti: hakuna kuonja, hakuna kubadilisha kitu, kila mtu amepewa kimoja kimoja. Mwalimu mkuu alikuwa amekaa nyuma ya darasa. Na Asidi? Asidi alikuja kusimama karibu na bega lake, akabaki hapohapo, kalamu yake ikilia kli, kli, kli.

Anasubiri niharibu, aliwaza Mbishi. Akajikaza.

Kitu cha kwanza kilikuwa bapa, kizito kuliko ukubwa wake, cha baridi. Mlalamishi alipiga kelele na wanafunzi wa meza ya pili wakaangua kicheko. Mbishi alikipiga nyundo, kikatandaa bila kuvunjika. Bakuli la kushoto. Cha pili kilikuwa donge jepesi lenye harufu hafifu ya kiberiti. Kimya. Nyundo ililisaga likawa unga, unga ukatiwa majini, kimya tena. Bakuli la katikati. Mambo yalikuwa yanakwenda, na kichwa kilianza kuvimba.

Akabadilisha maji, akafuta ncha za nyaya, akachukua kitu cha tatu. Donge jingine, zito kidogo kuliko lile la pili, lenye pembe. Halikuwa na harufu. Alilizungusha vidoleni kwa muda mrefu kama alivyozoea, akalipapasa kila upande, huku kalamu ya Asidi ikilia karibu na sikio lake. Akiliangalia kwa mkono tu, angeapa ni chumvi ya mawe. Akaligusa kwa nyaya, akitegemea kimya.

Mlalamishi aliguna.

Hakulia, aliguna tu, kasauti kembamba ka mbu. Mbishi aliinua nyaya, akagusa tena upande mwingine. Kaguno kalekale. Jasho jembamba likamtoka mgongoni. Chumvi kavu haitoi sauti, hilo alikuwa amelipima nyumbani mpaka saa ya bibi ikachoka. Metali ingelia kwa yowe. Hiki kilikuwa kinasema kitu cha katikati ambacho hakimo kwenye daftari wala kwenye karakana.

Labda ni aina ya kaboni? Labda ni metali mbovu? Alilifuta donge kwa vidole, akaligusa tena, na safari hii Mlalamishi aliguna kwa sauti kubwa zaidi. Kadiri alivyolishika, ndivyo lilivyozidi kupitisha umeme. Wazimu gani huu? Kule nyuma kiti cha mwalimu mkuu kililia. Kalamu ya Asidi ilikuwa imenyamaza, na hilo lilimtisha kuliko kelele zake.

"Binti," Asidi alisema polepole, "ukitaka kuacha, hakuna aibu."

Lo! Bora asingesema. Hofu yote iliyokuwa imemjaa Mbishi iligeuka hasira, na hasira ilimsaidia kufikiri. Kuacha? Kitu kimejibu, basi jibu lina maana, na kama halina maana basi swali ndilo liliulizwa vibaya. Ameuliza vipi? Kwa nyaya mbili, betri moja, kengele moja, na donge moja lililoshikwa na kushikwa na kushikwa tena.

Aliliweka donge chini. Akafungua kiganja chake cha kushoto, akakigusa kwa ncha zote mbili.

Mlalamishi aliguna. Sauti ileile, ya mbu, kutoka kwenye mkono wake mwenyewe.

Mbishi alicheka kwa sauti mpaka Kasuku, upande wa pili wa maabara, akasikika akisema, "Jamani, ameshachanganyikiwa." Wala hakuchanganyikiwa. Jasho! Nyumbani alikuwa akipima kwa raha zake, mikono mikavu. Hapa alikuwa amelishika donge kwa mikono iliyolowa hofu, na jasho ni maji yenye chumvi ndani yake. Wenzake wasingefanya kosa hili hata kama wangetaka, maana wao walivitazama vitu vyao kwa macho bila kuvishikashika. Yeye ndiye alikuwa amelilowesha donge, kisha akashangaa limelowa.

"Mwalimu, naomba donge jingine kavu."

"Kila mtu amepewa moja. Umesikia kanuni."

"Nimesikia."

Haya basi. Nje ya donge pameharibika, lakini ndani? Ndani hakuna aliyewahi kupashika, hata yeye. Mbishi alikausha mikono kwenye sketi, akafuta ncha za nyaya, akafunga kitambaa kwenye vidole, akaweka donge kwenye kigae na kulipiga nyundo. Lilipasuka vipande vyenye pembe kali. Akachukua kimoja kwa kitambaa, akatafuta uso uliotoka kupasuka kwa ncha ya waya, akaleta na ncha ya pili.

Kimya.

Akabonyeza zaidi. Kimya. Mlalamishi hakuwa na la kusema. Mbishi alikitumbukiza kile kipande majini, akakoroga kwa kijiti cha kioo mpaka kikaanza kuisha, akashusha nyaya, na kengele ikapiga yowe lililowafanya wa meza ya pili waache kazi zao. Bakuli la kulia. Kampaundi ya ayoni, na asiyeamini aje na nyundo yake.

Cha nne kilikuwa kijiti, na Mlalamishi alikililia kama metali halisi. Mbishi alitabasamu. Huyu walikuwa wanafahamiana. Ko! Kikakatika, unga ukateleza vidoleni. Bakuli la katikati, pamoja na lile donge la kiberiti.

Alirudi nyuma hatua moja kutoka mezani. "Nimemaliza."

Mbishi alimsikia Asidi akiinama, akiinua bakuli moja, akiliweka, akiinua la pili. Mwalimu mkuu alikuja mbele kwa viatu vyake vizito.

"Vipi?" mkuu aliuliza.

"Vyote viko mahali pake," Asidi alisema. "Lakini nataka kujua jambo moja. Ulicheka nini?"

"Niliona kosa langu, mwalimu. Donge lilikuwa na jasho langu. Mlalamishi alikuwa hapimi chumvi, alikuwa ananipima mimi na woga wangu."

"Jasho la kiganja lina umeme wa kuliza kengele?"

"Umeme wa betri. Jasho linaupitisha tu. Hukubali?" Ubishi ulikuwa umerudi nyumbani. "Lete mkono wako."

Hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwambia Asidi alete mkono. Mbishi mwenyewe alishtuka kujisikia, lakini mkono wake ulikuwa umekwisha nyooka hewani ukingoja, na kuurudisha kusingewezekana bila aibu. Kisha kiganja kikubwa kikaja kulala juu ya vidole vyake.

Kilikuwa kimelowa chapachapa.

Mbishi aliweka ncha mbili juu yake. Mlalamishi hakuguna. Alilia, kwa sauti kubwa kuliko aliyoitoa kwenye kiganja cha Mbishi, kubwa mpaka Kasuku akaisikia kule alikokuwa.

Mbishi alibaki ameshika nyaya. Muda wote ule alidhani mtu aliyesimama begani kwake anamwombea mabaya. Kumbe alikuwa amesimama pale akimhofia kuliko alivyojihofia mwenyewe.

Asidi alikuwa wa kwanza kuuondoa mkono. Alikohoa, akaufutia kwenye koti.

"Jumatatu," alisema, "tunaanza asidi. Uje mapema kabla ya wenzako, nikuonyeshe kila chupa inapokaa. Na miwani ya kinga utavaa kama wengine."

"Miwani, mwalimu? Nione nini?"

"Si ya kuona. Ni ya kulinda. Usianze."

"Sijaanza," alisema Mbishi, na akaanza kukunja nyaya zake polepole, akihakikisha ncha hazigusani, ili Mlalamishi naye apumzike.